Godoro la Kuku wa Akech

Akech hakuwa mtu wa kuvumilia uchafu. Uwanja wa nyumba yake pale Turwa aliufagia jua halijatoka, sufuria alizisugua kwa majivu mpaka ukajiona uso, na kitambaa chake cheupe cha ushemasi alikipiga pasi hata wiki ambayo hana zamu. Sasa mtu wa namna hiyo akimaliza mwaka wa kwanza, akamaliza wa pili, akaingia wa tatu bila kufagia banda la kuku, unategemea majirani wanyamaze? Hawakunyamaza. Walisema mjane wa Otiende ameanza kuchoka. Walisema ni uvivu umejificha nyuma ya dini. Na wale wasiokosekana katika kila mtaa wakasema mle bandani kuna kitu kimefukiwa. Hao wa mwisho walikuwa wanaropoka tu, lakini mropokaji naye ana siku yake ya kupatia.

Ukweli wa mwanzo ulikuwa mwepesi. Mtaalamu wa mifugo aliwahi kuwakusanya akina mama wa kata, akawafundisha kufuga kuku juu ya matandiko mazito. Unatandika maranda ya seremala au pumba za mpunga mpaka mguu unazama. Kuku wanapekua, wanakunya, wewe unageuza kwa reki na kuongeza makavu juu. Hufagii, hutoi kitu. Kinyesi na maranda vinaoana pole pole, vinageuka kitu cheusi chepesi chenye harufu ya udongo, na chini yake panazaliwa joto linalowafaa kuku wakati wa masika. Adui ni maji. Kila asubuhi unachota konzi moja, unaiminya, unafungua kiganja: ikikaa donge kuna unyevu, ongeza makavu, ikimwagika, endelea na shughuli zako. Wenzake wote walisikiliza, wakapiga makofi, wakarudi makwao kuendelea na ufagio. Akech peke yake alilishika somo, maana Akech akishika jambo halimtoki. Matandiko yale aliyaita godoro, na mtaa mzima ukalidaka jina, wachache kwa heshima, wengi kwa kejeli.

Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Migori, mwaka wa njaa, ndiyo maana akaitwa Akech. Mama yao alipofariki, mdogo wake Apiyo alikuwa bado ananyonya. Akech, naye msichana tu, alimbeba mgongoni na kumtafunia chakula, na alipoolewa na Otiende alivuka mpaka wa Sirari na Apiyo kiunoni, wakwe wakinong'onezana kwamba bibi harusi amekuja na mtoto wake. Hakujaliwa mtoto wa tumbo lake. Hakulalamika sana, kwa sababu alijihesabu kuwa ana Apiyo.

Otiende alipofariki, ndugu zake walikuja na ile desturi ya kumrithi mjane, mjane pamoja na nyumba. Akech akakataa. Wazee wa kanisa wakaja wakaketi mlangoni kwake, Mzee Sylvester mbele yao, wakasema mama huyu ni mshiriki wetu, na nyumba ni yake. Mashemeji wakaondoka wakinung'unika. Tangu siku hiyo Akech alijua kuwa hana ukuta mwingine duniani isipokuwa jina lake jema pale kanisani. Jina hilo likianguka, mashemeji njia wanaijua.

Alilitunza. Katika kanisa lao pombe hata tone ni marufuku, na divai ya Meza ya Bwana ni maji ya zabibu yasiyochacha. Akech ndiye aliyeyaandaa. Aliyanusa, akayaonja kwa ncha ya ulimi, na yakionyesha dalili yoyote ya kuchangamka aliyamwaga, hata kama wenzake walimwambia anazidisha.

Basi Apiyo akarudi. Aliolewa Nyamongo na mchimbaji mmoja, ndoa ikaenda kama zinavyokwenda ndoa za machimboni, na asubuhi moja akashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya dada yake akiwa na begi moja na macho mekundu. Akech hakuuliza kitu. "Karibu, nyamera," alimwambia kwa lugha ya kwao, dada yangu, "nyumba ni yako." Akampa chumba, akampa nguo, akampa na nafasi ya kukaa karibu yake kanisani.

Na Apiyo alikuwa mtamu wa kuishi naye, hilo tuseme kweli. Alikuwa mcheshi, alijua kupika samaki akapikika, na hakuna mtu aliyepita njiani asiyemsalimia kwa jina. Wakati huo mgongo wa Akech ulikuwa umeanza kumsumbua kwa kubeba magunia ya maranda. Apiyo akamnyang'anya reki mkononi, akicheka.

"Dada, wewe pumzika. Umenibeba mimi, umebeba na kuku. Godoro niachie."

"Utaweza?"

"Nimeishi Nyamongo, nitashindwa kuchimba maranda?"

Akaweza. Aligeuza kila asubuhi, akaongeza makavu, akaenda mwenyewe kununua pumba za mahindi za kulishia, magunia mengi kuliko zamani, akisema kuku chotara wanakula kama wakimbiaji. Jambo moja tu alimwomba dada yake: ile kona iliyo chini ya viota asiifukue hata siku moja. Kuku wanaotaga wakisikia reki chini yao wanashtuka, mayai yanapungua. Akech alilisikia hilo akafurahi. Aliona mdogo wake ameanza kuwa mfugaji hasa.

Siku moja ya baridi, mvua imenyesha usiku kucha, Akech aliinama kuokota yai lililodondoka karibu na ile kona, mkono ukazama kidogo kwenye maranda. Palikuwa na joto. Si lile joto la kawaida la godoro. Hili lilikuwa joto la paji la uso la mtoto mwenye homa. Akech akapiga magoti palepale. Mtaalamu aliwaambia godoro likiiva hupata joto, na la kwake limeiva namna hii! Sabato iliyofuata alisimama kanisani kutoa ushuhuda. Akasema Bwana anaweza kutia uhai hata katika kinyesi. Akasema yeye mjane asiye na mtoto amepewa godoro lenye moto bila kuni. Kanisa likaitikia Amina kubwa, Amina ambayo hata mhubiri hakuwahi kuipata, na akina baba wa mabenchi ya nyuma wakairudia tena na tena. Akech aliketi na furaha yake.

Baada ya hapo wageni wakaanza. Mzee Sylvester alikuja jioni moja kujionea godoro, akarudi wiki hiyohiyo, akaja na wenzake. Akech aliwatolea viti, akachota konzi, akaminya, akafungua kiganja, akaeleza habari ya unyevu tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee walitikisa vichwa. "Ama kweli, Mama Shemasi, wewe ni mwalimu," walisema, na kumbe walikuwa wanamvika kilemba cha ukoka. Akimaliza somo, Apiyo aliwasindikiza kupitia nyuma ya banda hadi njiani, na kusindikiza kwenyewe kulichukua muda. Akech alibaki akisema moyoni kwamba mdogo wake ana adabu ya wageni. Maskini Akech! Ukimpenda mtu, hata mlango ulio wazi unauona umefungwa.

Upande wa pili wa ua wa michongoma alipanga Ng'washi, mwanamke Msukuma aliyekuja na mume wake Luhaga kufuata dhahabu. Luhaga alishinda Nyamongo mashimoni, akirudi mara chache. Ng'washi alikuwa mnywaji na hakujificha. Akilewa alicheza, akilewa zaidi alilia, kesho yake akafua nguo kama kawaida. Akech alimsalimia kwa mbali na kumwombea kwa mbali zaidi.

"Mayu," Ng'washi alimwita siku moja juu ya michongoma, kwa heshima ya kwao ya kumwita mtu mama, "kuku wako wanatembelewa kuliko mkuu wa wilaya."

"Wageni wanajifunza," Akech alijibu.

"Ee, naona wanarudi wamejifunza kabisa." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mayu, siku moja shika reki wewe mwenyewe. Fukua mpaka chini."

Akech aliona ni wivu wa mlevi. Akamwambia afadhali angekuja kanisani kuliko kuchungulia nyua za watu. Ng'washi akainua mabega, akaondoka.

Ikatokea kwamba habari za godoro zilifika mbali, na mchungaji mgeni aliyekuwa anazungukia makanisa akasema angependa kuliona. Akech hakulala vizuri kwa kuwaza. Alinunua gunia jipya la maranda, na mchana wa siku ya ugeni, Apiyo akiwa ameenda gengeni, aliingia bandani mwenyewe. Alitandaza maranda mapya pote, hata juu ya ile kona, akayakanyaga yalale vizuri. Apiyo aliporudi na kuona kazi imefanyika, uso ulimbadilika. Alisema anaingia kuangalia maji ya kuku. Akakaa humo kitambo, akatoka anajipangusa mikono, akasema pako safi. Baadaye sana ndipo Akech alipoelewa alichokuwa amefanya Apiyo: alifukua, akakaza vifuniko, ili harufu isimfikie mchungaji.

Wageni wakaja. Mchungaji, kijana nadhifu mwenye suruali ya rangi ya maziwa, Mzee Sylvester na wazee wenzake, akina mama wa kanisa na vitenge vyao, na watoto wengi wasioalikwa. Akech alisimama mlangoni pa banda na kitambaa chake cheupe kichwani. Akaeleza. Alifika mahali pa joto, akamwomba mchungaji aingie aguse mwenyewe, pale karibu na viota. Mchungaji akainama.

Kikalia kishindo. Maranda yakaruka mpaka kwenye mabati, na nyuma yake likafuata povu, povu zito la rangi ya uji, likamvaa mchungaji kuanzia magotini hadi kwenye tai. Watoto wakapiga kelele kwamba ni bomu. Kabla hawajamaliza kukimbia kikalia kingine, na dumu la njano likachomoza tumbo lake lililopasuka katikati ya godoro. Harufu ilijaa banda, ikatoka nje, ikawapita wazee mmoja mmoja. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Ilikuwa kangara, pombe ya pumba za mahindi na sukari, ile inayotaka giza na joto ili ichache. Dumu linalochacha likikazwa kifuniko, litapata njia nyingine ya kupumua.

Kuku hawana dini. Waliona pumba zimemwagika, wakashuka vichanjani kwa fujo, wakala. Muda si mrefu jogoo mkubwa, fahari ya mtaa, alijaribu kuwika akaishia katikati, akaenda upande upande, akaegemea mguu wa Mzee Sylvester na kulala. Kijana mmoja alikuwa ameshatoa simu. Mpaka jua linazama, video ya jogoo yule ilikuwa imevuka Sirari, na mashemeji wa Akech waliiona kabla hawajala chakula cha jioni.

Lakini pale bandani hakuna mkubwa aliyecheka. Mchungaji alijipangusa uso, akauliza kwa upole, "Mama Shemasi, hii ni nini?"

Akech alifungua mdomo. Alikuwa anawaza nani ameingia kwake, mwizi gani, adui gani. Ndipo aliposikia sauti ya Apiyo nyuma yake, sauti ya kulia.

"Dada! Kumbe ndiyo maana ulikuwa unanikataza nisifukue kona ile!"

Akech akageuka. Maneno yale aliyajua. Aliyajua kwa sababu aliyasema Apiyo mwenyewe, kwake, na yeye akayapokea kwa furaha. Kwa sentensi moja mdogo wake alikuwa amemwambia kila kitu, na kwa sentensi hiyohiyo amemtupia kila kitu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha Akech kilikuwa chini ya godoro, na yeye ndiye aliyekuwa akikifunika.

Ng'washi alikuwa ameshapenya kwenye michongoma, khanga imechanika.

"Mwacheni mama wa watu!" alipaza sauti. "Huyu mama, kangara haijui hata kwa harufu. Ni ya Apiyo. Mimi ninayenunua ndiye ninayesema. Na sinunui peke yangu. Mzee Sylvester, unaangalia chini unatafuta nini?"

Mzee Sylvester alikuwa anaangalia jogoo miguuni pake. "Huyu mama amelewa," alisema, bila kuinua uso.

"Leo sijanywa. Leo imemwagika yote."

Hapo, msomaji, Akech angeweza kupona. Neno moja tu lilitosha, aseme ndiyo, ni hivyo. Badala yake alimgeukia Ng'washi akasema, "Nyamaza. Usimtaje mdogo wangu kwa mdomo huo." Hata yeye hakujua yametoka wapi. Alikuwa na hasira, alikuwa na aibu, na juu ya yote aliamini kwamba mtoto aliyemtafunia chakula hawezi kumwacha aangamie mbele ya watu. Atasema mwenyewe. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzee Sylvester akavuta pumzi, akatangaza kwamba jambo hilo litaletwa mbele ya kanisa siku ya Sabato.

Asubuhi yake Akech aliingia bandani peke yake. Kuku walikuwa wamejikunyata pembeni, vichwa vimeinama. Alifukua ile kona kwa reki akatoa dumu baada ya dumu, mengine mazima, yamepangwa vizuri na kufunikwa kwa gunia, kazi ya mtu mwenye subira. Akachota konzi ya godoro, akaminya, akafungua kiganja. Donge. Alijaribu katikati, alijaribu mlangoni. Donge, donge. Miaka yote ile ya kuweka pakavu ilikuwa imelowa kangara, na hakuna maranda ya kuitosha. Akaketi juu yake na gauni lake safi, akalia kwa sauti. Alijiona mjinga. Kilichomuuma si pombe. Kilimuuma kiganja chake mwenyewe, jinsi alivyokuwa akikifungua mbele ya wazee na kuwaeleza habari ya unyevu, nao wakisubiri amalize wapate kusindikizwa.

Apiyo alikuja akapiga magoti mbele yake.

"Dada, nisamehe. Nilichoka kuomba hata sabuni kwako. Nilitaka na mimi niwe na kitu changu."

"Ungeniambia."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali," Akech akasema. "Lakini ungeniambia."

"Nilishtuka, dada. Nilimwona mchungaji, neno likatoka lenyewe. Sabato nitasimama. Naapa kwa kaburi la mama, nitasimama mbele ya kanisa."

Akech alimtazama. Alikuwa na kila sababu ya kumfukuza, na hakuwa na nguvu hata ya kuanza. Alimwambia ainuke, maranda yamelowa, atapata baridi. Siku zile zilizobaki Apiyo alifanya kazi zote za nyumba. Alichota maji, alitoa godoro lote la bandani kwa toroli hadi migombani, alimkanda dada yake mgongo kwa maji ya moto. Shemeji mkubwa, Obonyo, alipiga simu, akasalimia kwa upole usio wa kawaida, akauliza eti nyumba ina hali gani, mabati bado mazima? Akech alikata simu, akajiambia si kitu, ni suala la siku chache tu. Apiyo atasimama.

Sabato kanisa lilijaa mpaka madirishani. Washiriki wa siku za sikukuu nao walikuwapo. Mchungaji mgeni alikuwa ameshaendelea na safari yake, kwa hiyo Mzee Sylvester ndiye aliyeongoza kikao baada ya ibada. Alisoma shauri kwa sauti ya huzuni: kwamba pombe imekutwa katika banda la shemasi, kwamba jina la Bwana limechekwa, na kwamba wazee wanapendekeza dada Akech avuliwe ushemasi na ushirika wake usimamishwe mpaka atakapotubu. Akauliza kama mhusika ana neno.

Akech akasimama. Alikuja bila kitambaa chake cheupe, kwa kuogopa asije akavuliwa mbele ya watu.

"Sikupika," alisema. "Sijaonja tangu nizaliwe. Aliyepika yumo humu ndani."

Mabenchi ya nyuma yakalia, watu wakijisogeza.

"Mtaje," Mzee Sylvester akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikutulia.

"Sitamtaja. Atajitaja mwenyewe."

Mtoto mmoja alilia nje, akanyamazishwa. Akech hakumtazama mdogo wake, maana hakutaka ionekane amemlazimisha. Aliangalia ukuta wa mbele na kusubiri. Kisha akasikia benchi lake likitoa mlio, akasikia gauni linakunjuka, akajua bila kugeuka kwamba Apiyo amesimama. Alitaka hata kucheka. Alikwisha kumsamehe pale pale, kabla hajasikia neno.

"Ndugu zangu," Apiyo alisema, "mimi naomba kitu kimoja. Naomba mumhurumie dada yangu. Amenilea. Ni mtu mzima, ameishi peke yake miaka mingi, ana mawazo. Msimhukumu kwa ukali."

Akaketi.

Mzee mmoja akasema "Amina" taratibu. Akech alibaki amesimama. Mzee Sylvester alimshukuru dada Apiyo kwa moyo wake wa upendo, akasema basi tumalize, wanaoafiki pendekezo la wazee wainue mikono.

Mikono ya kwanza kuinuka ilikuwa ya wazee waliokuja mara nyingi kujifunza godoro. Iliinuka haraka, yote kwa pamoja, na hakuna mwenye mkono aliyemtazama usoni. Hapo ndipo Akech alipoelewa maneno ya Ng'washi hadi chini. Waliojua kwa hakika kuliko wote kwamba pombe haikuwa yake walikuwa wale walioinywa, na hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumtetea bila kujitaja. Ikafuata mikono ya akina mama, polepole, mmoja akimwangalia mwenzake. Akech aliifuata kwa macho safu kwa safu, akarudi karibu, akafika kwenye benchi lake mwenyewe, pale alipokuwa amemtengea mdogo wake nafasi. Mkono wa Apiyo ulikuwa juu. Haukuwa juu sana. Ulikuwa usawa wa sikio, umekunjwa kiwiko, lakini ulikuwa juu, na Mzee Sylvester akauhesabu.

Walirudi nyumbani kwa njia moja, maana nyumba ilikuwa moja. Akech alitangulia, Apiyo nyuma. Walipita maduka, walipita kijiwe cha bodaboda ambako mtu alijaribu kuwika kama jogoo mlevi na wenzake wakamzomea anyamaze. Walipita ua wa Ng'washi. Ng'washi alikuwa anaanika nguo. Alimtazama Akech, akaacha nguo. Akech alisimama, akamwambia, "Nisamehe, mama," na Ng'washi akaitikia kwa kichwa. Akech akaendelea kutembea.

Karibu na lango Apiyo akamshika mkono wa gauni.

"Dada, ongea nami. Nigombeze hata. Ningefanyaje? Wote walikuwa wananiangalia. Nisingeinua mkono, wangejua ni mimi."

Akech alimtazama usoni, ule uso aliouosha yeye, aliouwekea mafuta yeye.

"Walikuwa wanajua, mdogo wangu," akamwambia. "Kanisa zima. Asiyejua nilikuwa mimi."